Ukuta Usiopigwa Lipu

Watu wa Njombe mjini wanajua: ukitaka ukuta laini, mwite Aron wa Mjimwema. Asubuhi ya baridi, ukungu ukiwa bado haujaondoka barabarani, Aron huwa amekwisha kuchanganya saruji na mchanga. Anashika mwiko, anarusha lipu, anasawazisha. Akimaliza humwambia mwenye nyumba, "Pitisha kiganja." Mwenye nyumba hupitisha kiganja, hakwaruzwi hata kidogo. Hapo Aron hutabasamu kama bwana harusi.

Lakini mwaka huu tabasamu hilo lilikuwa limepungua.

Nyumba ya Aron iko kwenye mteremko. Ili apate kiwanja cha kujenga, alikata kilima. Nyuma ya nyumba ukabaki ukingo wa udongo, mrefu kama mtu mzima aliyenyoosha mkono juu ya kichwa. Chumba kilicho karibu na ukingo huo ni cha mama yake, ambaye mtaa mzima humwita Bibi. Aron aliujengea ukingo ukuta wa matofali, kisha akaupiga lipu nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Majirani walikuja kuushangaa.

Mwezi wa tatu mvua zikanyesha mfululizo. Ukuta ukatoa tumbo. Mchana mmoja ukaanguka wote. Tope likavunja dirisha, likajaa kitandani kwa Bibi. Bahati nzuri, baridi ya Njombe ilikuwa imempeleka Bibi jikoni kuota moto. Angekuwa kitandani, leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Bibi akahamishiwa Mahongole, kule Makambako, kwa binti yake Erica. Alipata chumba kizuri na chakula cha kutosha. Lakini hapo ni kwa mkwewe, na kwa Bibi jambo hilo halikuwa dogo. Mama mkwe hakai kwa mkwe miezi na miezi. Akisikia mkwe anakohoa sebuleni, Bibi aliona haya hata kutoka nje kuota jua.

Mwezi wa tisa Aron alikwenda kumwona.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Umekuja kunichukua?"

"Bado, mama. Ukuta haujajengwa."

Bibi alitazama mlangoni, kisha akashusha sauti. "Aron, mimi hapa nakula kwa haya. Nikijilaza mchana, naona nitasemwa. Nirudishe kwangu. Nisife nikiwa mgeni."

Maneno hayo yalimchoma Aron. Alimshika mama yake mkono. "Kabla ya Krismasi utalala kitandani kwako. Nisipofanya hivyo, usiniite fundi tena."

Alirudi nyumbani amekaza uso. Mkewe, Ema, alikuwa amerudi kutoka sokoni anakouza viazi.

"Najenga upya," Aron akasema. "Safari hii ukuta mnene zaidi, saruji nyingi zaidi, na lipu mara mbili."

"Baba Severini, yaani ukuta ule ule uliotuangukia, ila mnene?"

"Si ule ule. Nimesema mnene."

"Ukianguka mnene si ndiyo mbaya zaidi?" Ema aliweka kapu chini. "Muulize Jane kwanza. Kuta za kuzuia udongo ndizo kazi yake."

Jane alikuwa jirani yao, fundi sanifu aliyesimamia ujenzi wa barabara. Aron alisita. Fundi kumwuliza fundi mwenzake sababu ya ukuta wake kuanguka si kitu rahisi. Hata hivyo alimkumbuka Bibi na haya yake, akaenda kubisha hodi.

Jumamosi Jane alikuja. Alipanda juu ya ukingo, akashuka, akachukua kipande cha ukuta ulioanguka, akakigeuza mkononi.

"Lipu safi sana hii, fundi," alisema. "Ulitoboa matundu ya kupitishia maji?"

"Matundu? Kwenye lipu yangu?"

Jane alicheka kidogo. "Mama Severini, ukiosha maharage unayachujia kwenye nini?"

"Kwenye chekeche," Ema akajibu.

"Na ukiyaacha kwenye ndoo pamoja na maji, ukaibeba?"

"Mzigo! Mkono unakatika."

"Basi ndiyo hivyo. Udongo mkavu, ukuta wenu uliuweza. Mvua ikaingia udongoni, maji yakatafuta njia ya kutoka, yakakuta lipu. Yakajaa nyuma ya ukuta. Maji yaliyofungiwa yanasukuma, fundi. Hayajali lipu ni nzuri au mbaya."

Aron alitazama kile kipande laini kama anakiona kwa mara ya kwanza.

"Sasa nifanye nini?"

"Jenga chekeche," Jane akasema. "Matenga ya waya, yanajazwa mawe, yanapangwa na kufungwa pamoja. Sisi wa barabara tunayaita gabioni. Mawe yanazuia udongo kwa uzito wake. Maji yanapita katikati ya mawe na kutoka nje."

Jane alipima ukingo kwa futi kamba. "Kimo chenu ni mita mbili. Huu mnaweza kujenga wenyewe nikiwaelekeza. Ungezidi hapa, au kungekuwa na nyumba juu ya ukingo, ningewaambia mkamwite mhandisi wa halmashauri. Mtu asikisie kwa ukingo mrefu."

"Na unene?"

"Kitako ndicho kinachobeba. Ukuta wa mita mbili, safu ya chini iwe na upana wa mita moja na nusu. Safu ya juu mita moja."

"Mita moja na nusu!" Aron akashtuka. "Huo ni ukuta au chumba?"

"Wako wa kwanza ulikuwa mwembamba kama shati, fundi. Uliona ulivyochanika."

Ema alicheka mpaka akashika kiuno. Aron naye akashindwa kujizuia, akacheka.

Kazi ilianza siku chache baadaye, udongo ukiwa bado mkavu. Jane alikataza kuchimba chini ya ukingo wote kwa mara moja. "Chimba kipande, jenga, ndipo uhamie kipande kingine. Ukichimba kote, ukingo unakosa pa kuegemea, utawafukia." Walichimba nusu mita hadi kwenye udongo mgumu. Wakasawazisha, na kuuinamisha msingi kidogo kuelekea kilimani, ili ukuta uegemee udongo badala ya kuegemea nyumba.

Aron alikwenda Makambako kununua matenga ya waya. Jane alimwonya achukue waya uliopakwa zinki, usioshika kutu upesi. Mawe yaliletwa na gari. Katika mzigo wa kwanza Jane aliokota jiwe moja jekundu, akaligonga kwa nyundo. Likapasuka na kuwa unga.

"Hili ni udongo uliojifanya jiwe," alisema. "Mvua mbili tu litayeyuka, tenga litabaki na mapengo. Tunataka jiwe gumu, likigongwa lilie. Liwe kubwa kuliko ngumi ili lisitoke kwenye tundu la waya, na dogo kuliko kichwa."

Aron alirudisha mzigo wote. Dereva alinung'unika. Aron hakumjali. Alikuwa na ahadi, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milima.

Walifunga matenga kwanza, ubavu kwa ubavu, kwa waya. Kisha wakaanza kujaza. Hapo Aron aligundua kuwa gabioni nayo ina ufundi wake. Mawe hayamwagwi kwa beleshi. Ya mbele yanapangwa kwa mkono, yakibanana, na mapengo yanazibwa kwa mawe madogo. Tenga likifika theluthi moja, unavuta waya kutoka uso wa mbele hadi wa nyuma, unakaza. Likifika theluthi mbili, unafanya vivyo hivyo.

"Nyaya hizi za ndani ndizo zinazozuia tenga lisitoe tumbo," Jane alisema.

"Tumbo nalijua," Aron akajibu, akakaza waya.

Walijaza hadi mawe yakazidi ukingo wa tenga kidogo, kwa kuwa mawe hushuka. Wakafunika, wakashona kifuniko. Safu ya juu waliipanga kama matofali, kiungo kisikae juu ya kiungo. Nyuma ya ukuta walitandika kitambaa maalumu cha kuchuja, kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Wakarudishia kifusi kidogo kidogo huku wakikishindilia. Mwisho wakachimba mfereji juu ya ukingo, ili maji ya mvua yapite pembeni kabla hayajafika ukutani.

Ukuta ukakamilika. Bibi akaletwa kutoka Mahongole. Alishuka garini, akaingia chumbani mwake, akagusa kitanda, akagusa dirisha jipya. Kisha akaketi na kulia kwa furaha. Aron alitoka nje haraka, maana naye machozi yalikuwa karibu.

Ingekuwa vizuri hadithi iishie hapa. Lakini Aron ni fundi wa lipu, na mazoea yana tabu.

Jirani yao Clemens, mtu wa mizaha, alipita barabarani. "Fundi! Nyumba za watu unazivisha suti. Ukuta wako umeuacha uchi?"

Aron alicheka, lakini neno lilimwingia. Jumapili jumuiya ingekuja kwa ibada ya kumkaribisha Bibi. Kila mtu angeona mawe na waya nyumbani kwa fundi wa lipu! Ijumaa, Ema akiwa sokoni, alichanganya saruji kidogo. Akapiga lipu upande mmoja tu wa ukuta, ule unaoonekana kutoka barabarani. Upande huo ndio uliokuwa chini zaidi, bondeni, maji ya ukingo yanakoteremkia.

Ema aliporudi alisimama akaitazama. "Jane alisemaje kuhusu maji?"

"Ni kipande tu, mama Severini. Kwa ajili ya wageni."

"Maji nayo yanajua kuwa ni kwa ajili ya wageni?"

Aron akaenda kuosha mwiko.

Jumapili wageni walijaa sebuleni. Bibi aliketi mbele, kajifunga kitenge kipya. Mwinjilisti Ebeneza alikuwa katikati ya sala mvua ilipoanguka. Haikuwa manyunyu. Ilikuwa mvua ya Njombe, inayopiga bati mpaka sauti ya mtu haisikiki.

Aron alifumbua jicho moja, akachungulia dirishani. Sehemu kubwa ya ukuta ilikuwa inatiririsha maji, taratibu, kila pengo na mchirizi wake. Upande wenye lipu ulikuwa mkavu. Kwa dakika nzima alijivuna. Kisha lipu ikaanza kufura kama andazi kwenye mafuta. Ufa ukatokea. Maji yote ya ukingo yaliteremkia bondeni, na bondeni alikuwa ameyafungia mlango. Mwaka huu tena, kwa mkono wake mwenyewe.

Alimtazama mama yake. Bibi alikuwa amefumba macho, anaomba.

"Amina," Aron akasema kabla ya wakati, akatoka mbio.

Wageni walimkuta kwenye mvua, amevaa suti na tai, ana tindo na nyundo, anabandua lipu yake mwenyewe. Kila pigo lilimuuma. Kipande kikubwa kilipodondoka, maji yaliyokusanyika yalimmwagikia hadi magotini. Clemens alisimama mlangoni. Safari hii hakutania. Alivua koti, akachukua nyundo ya pili, akaingia kwenye mvua.

"Mimi ndiye niliyesema uko uchi," alisema.

"Uache uwe uchi!" Aron akapaza sauti juu ya mvua. "Uache upumue!"

Lipu ilipokwisha kubanduka, upande huo nao ukaanza kutiririsha. Aron alirudi ndani akichuruzika, akaomba radhi. Mwinjilisti alisema sala iendelee pale ilipokatikia.

Jumatatu Jane alikuja kuukagua ukuta. Alisafisha saruji iliyobaki kati ya mawe, akatikisa kichwa, kisha akampa Aron mkono. Ukuta haukuwa umesogea.

Tangu hapo Aron anaendelea na lipu zake, na bado ni laini. Ila akiitwa kupiga lipu ukuta unaozuia udongo, huuliza kwanza: "Maji yatatokea wapi?" Asipopata jibu, hafungui hata mfuko wa saruji. Watu wawili wa Mjimwema wamekwisha kumfuata wakitaka matenga ya waya, naye amewapeleka kwa Jane.

Mwezi wa tatu ulifika. Siku moja mchana mvua ikamwagika kama ile ya mwaka uliopita. Aron alikuwa kazini upande wa pili wa mji. Aliacha mwiko kwenye ndoo, akapanda bodaboda, akafika nyumbani amelowa chapachapa. Aliingia chumbani kwa mama yake bila kubisha.

Bibi alikuwa amejilaza kitandani, blanketi hadi shingoni. Nje ya dirisha ukuta wote ulikuwa unadondosha maji.

"Mama, hukuogopa? Nikupeleke jikoni mpaka mvua ikatike?"

"Ya nini?" Bibi alisema. "Ukuta wako wa kwanza ulikuwa mzuri, umenyamaza kimya, kisha ukaja kulala kitandani kwangu. Huu unalia nje. Uache ulie huko huko nje. Funga mlango, mwanangu, unaniingizia baridi."

Aron alifunga mlango taratibu, akaenda kubadili nguo.