Dunia Ambayo Waya Haukuchomolewa

Kila Jumamosi asubuhi, kina mama wakiwa bado hawajafika na watoto wao, Maswali humsaidia mama yake kufungua zahanati. Mama, ambaye ni muuguzi, hufungua madirisha na kutayarisha mizani ya watoto. Maswali hufagia na kufuta mabenchi. Jina hilo alibandikwa na mwalimu wa sayansi, kwa kuwa haishi kuuliza.

Jumamosi moja ufagio ulimganda mkononi. Kando ya friji ya chanjo, waya wake wa umeme ulikuwa umelala sakafuni. Jana baada ya shule ni yeye aliyeuchomoa ili achaji simu ya mama. Alitaka kusikiliza zaidi mtandaoni habari aliyoidokeza mwalimu: kwamba baadhi ya wanafizikia hudhani kuwa chembe ndogo mno isiyoonekana inapoweza kwenda njia mbili, huenda zote mbili hutokea, kila moja katika dunia yake. Alisikiliza hadi mama alipomwita waondoke. Simu aliikumbuka. Waya aliusahau.

Alichungulia upande wa pili. Mama alikuwa amepiga magoti akimfunga bendeji seremala aliyejikata kwa msumeno. Maswali akachomeka waya upesi. Friji ikaanza kunguruma kana kwamba hakuna lililotokea.

Mabenchi yakajaa. Rafiki yake, Chiriku, alikuja na mama yake, amempakata mdogo wake mchanga.

"Wee, mbona umejikunyata kama kuku aliyenyeshewa?" Chiriku aliuliza.

"Ukifanya kosa na hakuna aliyekuona, unafanyaje?"

"Umevunja nini?"

"Sijui kama kimeharibika. Hapo ndipo roho inaponidunda."

Chiriku akacheka. "Si mwalimu alisema kuna dunia nyingine? Basi kule hukufanya kosa. Tulia, mwenzangu, hamia huko!"

"Hakusema zipo. Alisema huenda. Wengine wanazikataa kabisa, na hakuna aliyewahi kupata kipimo cha kuzithibitisha."

"Haya, profesa."

Hata hivyo Maswali alijaribu kuhamia. Alimwaza msichana mwingine, kule, aliyeuacha waya mahali pake na kulala usingizi mnono. Kule chanjo zilikuwa baridi. Lakini mtoto wa kina Chiriku alikuwa huku, amemshika kidole na kukivuta kinywani.

"Anayefuata!" mama aliita.

Mtoto akapimwa uzito. Mama akafungua friji, akatoa kichupa cha matone ya polio, akamshika mtoto kidevu.

"Mama, ngoja!"

Sauti ilitoka kali kuliko alivyotaka. Watu wote wakageuka. Maswali akasema yote kwa pumzi moja: simu, waya, friji iliyolala bila umeme.

Mama hakumkaripia. Alikiweka kichupa mezani polepole. "Tangu jana jioni?"

"Ndiyo, mama."

"Na umechomeka leo asubuhi?"

"Nilipokuwa nafagia."

Mama akafumba macho kidogo. "Na mimi leo sikusoma kipimajoto cha friji. Nilikimbilia kidonda cha seremala." Kisha akawageukia kina mama, akawaeleza na kuwaomba radhi. Mmoja akasonya: "Mtoto wa muuguzi naye!" Maswali alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama akampigia simu mratibu wa chanjo, naye akaja kwa pikipiki na sanduku la barafu. Alivitazama vichupa kimoja kimoja. Kila kimoja kilikuwa na alama: duara, na ndani yake mraba mdogo.

"Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima," alimweleza Maswali. "Ukiwa mweusi kama duara au kupita, joto limeiharibu. Hebu tazama haya matone."

Mraba ulikuwa mweusi. Vichupa vya chanjo nyingine, zinazostahimili joto zaidi, vilikuwa salama.

"Yangemdhuru mtoto?" Maswali aliuliza.

"Yasingemdhuru, ila yasingemkinga. Wote mngedhani amekingwa, kumbe hana kinga."

Mtoto akapewa matone mapya kutoka kwenye sanduku la barafu, kisha akachomwa sindano ya paja, akalia hadi dirisha likatetemeka. Chiriku akamsukuma Maswali kwa kiwiko. "Kumbe ndilo ulilokuwa ukiniuliza! Na mimi nikakwambia utulie!"

Walipobaki wawili, Maswali alisimama mbele ya mama yake, macho chini. "Nilijidanganya kwamba kuna dunia ambayo sikuuchomoa ule waya."

"Labda ipo," mama alisema. "Wasomi bado wanabishana, nami siwezi kuwaamulia. Lakini kama ipo, basi ipo na nyingine ambayo leo umenyamaza. Namhurumia mtoto wa huko." Akamvuta karibu. "Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kosa likingali linatengenezeka. Na kosa hutengenezwa papo hapo lilipofanyika, si kwingine."