Mimi Ndiye Yule wa Kwenye Klipu ya Basi

Mkono wa mwanamke nisiyemjua ulinishika kwapani, ukaninyanyua kitini kama gunia…

Dereva akafunga breki. Nikaangukia chuma cha kiti cha mbele, kwa tumbo.

Wengi wenu mliiona ile klipu. Sekunde kumi na tisa. Juu yake wameandika, "Binti agoma kumpisha mzee, afunzwa adabu." Mlicheka, mkasambaza. Mmoja wenu alisema nilistahili kutupwa dirishani.

Leo nawasimulia ambayo hayakurekodiwa.

Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Mbili zilishatoka kabla yake, ndiyo maana daktari alinishona mlango wa kizazi na kunikataza kusimama muda mrefu. Siku ile natoka kliniki, nimevaa gauni pana, tumbo halionekani.

Mzee aliingia kituo cha tatu, na mkongojo wake. Roho iliniuma, kusema kweli. Lakini sikusimama. Karibu yake walikuwa wameketi wanaume wazima, vifua hivyo, kila mtu macho kwenye simu. Kwa nini wakaniona mimi tu? Sijui hadi leo.

Mama mmoja, kiti cha nyuma yangu, akaanza kusema kwa sauti kwamba wasichana wa siku hizi tumelelewa na simu, zamani mtoto hakai mzee amesimama. Nikamjibu taratibu kuwa naumwa. Akauliza mgonjwa gani anapaka rangi kucha.

Basi zima likaangua kicheko.

Mzee mwenyewe alikuwa anawaomba waniache, eti anashuka kituo kinachofuata. Nani amsikilize? Walikuwa wanamtetea, hawakuwa na muda naye.

Kisha ndiyo ule mkono wa mama wa kiti cha nyuma…

Siku ya pili, nikiwa wodini nilikolazwa kwa maumivu, mwanangu akatoka.

Daktari alisema hawezi kuapa kuwa ni kule kuanguka. Mimi pia siwezi. Nimebaki nalo moyoni tu.

Mume wangu nilimwambia niliteleza. Aibu ni kitu cha ajabu, jamani… unaonewa wewe, na unaona haya wewe.

Mama yangu akaja kuniuguza. Ujana wake alikuwa konda wa mabasi makubwa, yale ya tiketi za kuchana, na hadi leo akiongelea adabu ya abiria huanzia huko. Mchana ule, katika kunichangamsha, akaniambia nione dunia ilivyoharibika. Akanipa simu yake.

Ilikuwa ile klipu. Nimepigwa picha kwa nyuma, uso hauonekani.

Chini yake palikuwa na ujumbe wa sauti ambao yeye mwenyewe aliutuma kwenye kundi la kina mama wa mtaani kwake. Nikaubonyeza. Sauti iliyonibembeleza utotoni ikasema:

"Huyo hakufunzwa. Kwani mama yake yuko wapi?"

Nikamrudishia simu.

"Mama… huyo ni mimi."

Hakupiga kelele. Aliitazama tena klipu, halafu tena, mpaka pale ninapoanguka. Akaweka kidole juu ya mgongo wangu kwenye kioo, kama anayetaka kunidaka.

"Nimekata tiketi miaka kumi na moja," akasema. "Mtu nilikuwa namwinamia sikioni, namuuliza kama anaweza kumpisha mwenzake. Akitikisa kichwa, napita kwa mwingine. Sikuwahi kumuuliza mtu sababu."

Akaiweka simu kifudifudi kitandani.

"Nimekuwa hivi lini, mwanangu?"

Nilisogea tu kitandani, akapanda akalala ubavuni mwangu na viatu vyake, tukalia kimya kimya ili wenye watoto wao kule ng'ambo ya pazia wasitusikie.

Alipotoka hapo aliliambia kundi ukweli wote. Wawili walimpa pole. Waliobaki wakasema uchungu wa mwana, lazima amtetee.

Klipu bado inazunguka.

Ndugu zangu, wazee wapishwe, sipingi, nami nitaendelea kuwapisha nikiwa na nguvu. Lakini mle ndani, kila aliyenipigia kelele siku ile alikuwa ameketi. Hata yule mama aliyeninyanyua alirudi akakaa.

Ukimwonea mzee huruma, inuka wewe. Adabu huanzia kwenye kiti chako.