Walimleta Mama Getini, Mimi Sikuwepo

Ndugu wasomaji, nina miaka thelathini na nane, nina mke na watoto wawili, na naishi Mlowo. Jina langu nimelificha kwa sababu ya aibu. Hapa Mlowo wananijua, na nikipita dukani watu hushusha sauti. Ninyi hamnijui... kwa hiyo acheni niseme.

Kazi yangu ni kununua mchele Kamsamba na kuupeleka Zambia. Kipindi kile cha korona nilirudi kutoka Ndola, na pale mpakani Tunduma sote tuliovuka siku ile tukapelekwa karantini. Siku kumi na nne! Ilikuwa hosteli kando ya barabara kuu, imezungushiwa wavu, na nje maroli yalipanga foleni kutwa kucha yakipiga honi. Kila mtu alipewa namba. Mimi nilikuwa namba kumi na moja.

Mle ndani maisha yetu yote yalihamia kwenye simu. Kukaa pamoja tulikatazwa, tukafungua kundi la kuchati tukaliita Mulamu, neno ambalo Wazambia humwitia shemeji, na hata mtu wasiyemjua wakitaka kumtania. Kwenye Mulamu tuliamshana, tuliombana sabuni, tuligombea ndoo ya maji ya moto. Mtu yuko chumba cha pili, lakini salamu unampa kwa meseji!

Nyumbani nako nilikuwa na utaratibu wangu. Asubuhi tukishapimwa joto, namtumia mke wangu, Mama Bahati, picha ya kipimo. Mchana namtumia picha ya sahani ya chakula. Jioni namrekodia mama sauti.

Mama yangu alikuwa mtu wa Itumba, kule Ileje. Tulimleta kwetu Mlowo kwa ajili ya kisukari, awe karibu na hospitali. Kusoma hakujua. Nilimpa simu yangu ya zamani nikamfundisha: ukiona sura yangu, gusa, ukitaka kusema, bonyeza hiki kipaza sauti, usiachie mpaka umalize. Tatizo ni kwamba hakujua amalize lini! Akishasema lake utasikia kuku, utasikia akikohoa, utasikia akiwaita wajukuu. Tulikuwa tunamcheka sana.

Sasa kwenye Mulamu alikuwemo Rehema, namba ishirini, muuza vitenge wa Tunduma. Tulianza kwa utani wa kundini, tukahamia pembeni, wawili tu. Nikamwambia nimeachana na mke wangu. Msimlaumu yule dada. Na yeye nilimdanganya kama nilivyowadanganya wengine.

Alhamisi tukaruhusiwa. Nikasaini kitabu cha getini, nikapewa cheti changu. Gari la Mlowo lilikuwa limesimama mbele yangu, konda ananiita kabisa... Sikupanda. Nilimfuata Rehema kwenye chumba chake, nyuma ya mashine ya kusaga unga.

Nikamwandikia mke wangu: "Wametuongezea siku saba. Mwenzetu mmoja amekutwa na dalili. Msije, wageni hawaruhusiwi."

Na zile picha nilikuwa nazo zote. Vipimo kumi na vinne, sahani kumi na nne! Nani angejua wali maharage wa wiki iliyopita na wa leo? Kila asubuhi nilichagua moja nikatuma, kisha nikageuka upande wa pili nikalala. Shetani gani alikuwa amenikalia kichwani? Hapana, nisimsingizie shetani. Ni mimi mwenyewe.

Mke wangu akaniombea kanisani, akatangaza na kwenye kundi la ukoo. Kisha akaniandikia: "Mama anasema atafunga siku tatu kwa ajili yako. Nimemkataza kwa sababu ya dawa zake, hasikii. Mwambie wewe."

Mnajua nilijibu nini? Nilituma kile kipicha cha mikono miwili iliyounganishwa. Basi! Ningemwambia aache kufunga, angenihoji, na mimi sikutaka kuhojiwa. Jioni nikamrekodia mama sauti fupi, nikamwambia asiwe na wasiwasi, hapa karantini tunaendelea vizuri.

Jumapili mchana ikaingia sauti kutoka kwa mama. Dakika nne na zaidi. Rehema alikuwa pembeni yangu, nikajisemea, hizo ni kuku na kikohozi, nitasikiliza baadaye.

Jioni ile mke wangu akapiga mara mbili. Nikakata. Nikaandika, "Tunapimwa, simu haziruhusiwi." Akajibu neno moja, "Sawa."

Jumatatu kundi la ukoo likanyamaza kutwa nzima. Hakuna salamu, hakuna aliyetuma hata picha ya ua. Mimi nikafurahi! Nikasema afadhali leo wamenipumzisha.

Kumbe mama alikuwa ameshafariki.

Alianguka Jumapili ile ile, hakuamka tena. Daktari alisema sukari ilishuka mno, alikuwa anameza vidonge bila kula. Na baba yangu mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akaagiza mtu yeyote asiandike chochote kwenye simu. Kwetu habari ya kufiwa na mzazi haitumwi kwa meseji. Mtu huketishwa, akashikwa mkono, ndipo akaambiwa. Waliogopa nisije nikaipata peke yangu, nimefungiwa chumbani, bila wa kunishika.

Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa nakula samaki na Rehema. Simu ikaita, ujumbe wa Mulamu, kutoka kwa mmoja aliyekuwa bado hajamaliza siku zake: "Namba kumi na moja, ndugu zako wako getini wanakuulizia. Wana jeneza."

Mikono ilikuwa na mchuzi. Sikunawa. Nilidandia bodaboda nikaondoka na ndala za Rehema miguuni.

Walikuwa wanampeleka mama kuzikwa Itumba. Badala ya kukata kona pale Mpemba, kwenye njia panda ya Ileje, wakanyoosha mpaka Tunduma ili nimuage nikiwa ndani ya wavu. Walikuwa wamemwomba mlinzi kwa unyenyekevu aniite tu nisimame kwa mbali. Mlinzi akafungua kitabu, akawaonyesha sahihi yangu. Nilitoka Alhamisi.

Nilipofika, nikitokea upande wa mjini, hakuna aliyelia. Akina mama walikuwa wanaimba, wakanyamaza. Mke wangu alikuwa ameshika bakuli la chakula lililofungwa kwenye kitenge, alikuwa ameniletea mimi. Akaniangalia kuanzia usoni mpaka kwenye zile ndala za kike.

"Baba Bahati, leo umepima ngapi?" akaniuliza.

Na asubuhi ile nilikuwa nimeshamtumia picha ya kipimo!

Baba mdogo alikuja akanishika mkono, kama desturi inavyotaka. "Mwanangu, tulimleta mama yako umuage," akasema. "Tukaambiwa hapa hupo." Kisha akauachia mkono wangu, akarudi garini.

Itumba waliniruhusu kwenda, lakini nilikaa nyuma kabisa. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye hutangulia kutupa udongo kaburini. Mimi ndiye wa kwanza. Siku ile waliniita wa mwisho.

Baada ya matanga nilikaa nyuma ya jiko la mama, nikafungua ile sauti ya Jumapili.

"Mwanangu," mama alisema, "huko nyuma yako nasikia mashine ya kusaga. Zamani nilikuwa nasikia maroli. Sasa maroli hamna. Nimesikiliza mara nyingi, ni mashine. Basi nimejua hujafungiwa. Namshukuru Mungu, mimi niliogopa unaumwa. Kufunga nimeacha leo, sasa nasubiri uji. Mkeo sijamwambia. Njoo nyumbani, mwanangu. Njoo useme mwenyewe."

Halafu, kama kawaida yake, hakuachia. Nikasikia kuku. Nikasikia akikohoa. Nikasikia mke wangu akisema, "Mama, uji tayari. Ulikuwa unaongea na nani?"

Na mama akajibu, "Nilikuwa namwombea mumeo."

Jamani! Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa la kunifichia aibu yangu! Kama ningeisikiliza Jumapili ile, ningemkuta? Sijui. Gari la Mlowo halichukui hata saa mbili.

Rehema nilimweleza ukweli, akanifukuza, na alikuwa na haki. Mke wangu bado tunaishi naye. Nikisafiri haniulizi niko wapi, na picha nikimtumia hafungui.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Hizi simu zinatupa nafasi ya kuwa mahali ambapo hatupo, na tunaizoea. Usitume picha ya jana ukasema ni ya leo. Na mzazi wako akikutumia sauti, hata iwe ndefu, hata iwe ya kuku watupu... sikiliza mpaka mwisho, siku hiyo hiyo.