Onyo Langu Lilifutwa, Jina Langu Likaachwa

Nina miaka thelathini na mmoja, sijaolewa, na hapa Busia upande wa Uganda kila mtu ana hadithi yake kuhusu kwa nini sijaolewa. Wengine wanasema niliua mtoto wa watu kwa uzembe. Leo nasema yangu, ndugu zangu wasomaji, kisha mnihukumu.

Kazi yangu ni kuandika maelezo. Owor, mwanaume wa Tororo niliyempenda kama mjinga, alitengeneza fremu ya programu za kompyuta za mezani. Ni vipande vilivyo tayari, kama madirisha, vitufe na mahali pa kuhifadhi kumbukumbu, ambavyo fundi wa programu huchukua ili asianze kila kitu upya. Ndani yake kuna amri nyingi. Mimi niliandika ukurasa wa kila amri: inafanya nini, inataka upewe nini, ina hatari gani. Mafundi huyaita maelezo ya API. Fundi hawezi kuingia kichwani mwa Owor, kwa hiyo anasoma ukurasa wangu na kuuamini.

Na sikubahatisha! Kila amri niliijaribu kwanza kwenye kompyuta yangu ndipo nikaandika. Chini ya kila ukurasa tuliweka jina la mwandishi, mtu akikwama ajue wa kumuuliza. Huku kwetu bando huisha haraka, basi mafundi wa Busia zote mbili hunakili zile kurasa kwenye flashi na kupeana. Jina langu lilizunguka pande zote za mpaka, nami nikatembea kifua mbele.

Kisha Owor akatoa toleo jipya. Alikuwa anatarajia wageni wakubwa kutoka Kampala waliotaka kuichukua fremu yake, akawa anapunguza amri ili ionekane nyepesi. Nikajaribu amri ya kusafisha fomu. Zamani ilifuta maandishi ya kwenye skrini tu. Sasa ilifuta na kumbukumbu zote zilizohifadhiwa!

Nilimpigia papo hapo. Akacheka, akasema anajua, ataitengeneza wageni wakishaondoka. Nikamwambia sawa, lakini mimi ninaweka onyo. Nikaliweka juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi nene, kwamba mtu asiitumie amri hiyo kabla haijatengenezwa. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Senge wangu, dada wa baba yangu, ana kliniki ya akina mama wajawazito kule Sikuda. Programu ya kliniki ilitengenezwa na Akinyi, dada wa Busia ya Kenya anayevuka kuja kwetu kila siku, na aliijenga juu ya fremu ya Owor. Humo mliwekwa kila mama, siku zake na simu yake. Wale ambao uzazi wao ulikuwa wa hatari, senge aliwapigia simu mapema wapelekwe hospitali kabla uchungu haujaanza. Aliwaambia wasiwe na wasiwasi, wasubiri simu tu.

Akinyi alikuja kwangu akihema, macho mekundu. Alikuwa ameweka toleo jipya, muuguzi akabonyeza kitufe cha mgonjwa mpya, kinachotumia ile amri ya kusafisha fomu, na akina mama wote wakapotea. Nakala ya akiba ilikuwa ya zamani.

"Nafula, si page yako inasema data haiguswi?" akaniuliza. "Mimi nimefuata vile uliandika!"

Nikafungua ukurasa. Onyo langu halipo... Mahali pake palirudishwa sentensi ya zamani: amri hii haigusi kumbukumbu zilizohifadhiwa. Na chini yake, jina langu. Nafula!

Ni nani mwingine aliyekuwa na uwezo wa kugusa kurasa zile? Ni mwenye fremu peke yake! Nilimpigia Owor. Akaniambia kwa sauti ya upole, ile ya kumbembeleza mtoto, kwamba hakuna onyo lolote aliloliona, labda nilisahau kuhifadhi. Mnajua nilifanya nini? Nilianza kujishuku mwenyewe! Mapenzi ni ugonjwa, jamani.

Senge na wauguzi walikaa wakikumbuka majina kwa kichwa. Wengi waliwakumbuka. Mama mmoja wa Bulumbi hawakumkumbuka. Alikaa nyumbani akisubiri simu kama alivyoambiwa, hadi uchungu ukamshika. Alifikishwa hospitali Tororo akiwa hoi. Yeye alipona... mtoto hakupona.

Na siku ya Owor kuja kujitambulisha kwetu Masaba na kuniposa ilikuwa imeshapangwa. Wazee wa kwetu walikataa kuivunja. Kwetu ni senge anayemshika binti mkono na kumtoa ndani mbele ya wageni, aseme huyu ndiye wetu. Senge alikuja, lakini hakunigusa. Alisimama mlangoni mikono nyuma.

"Mimi sishike mkono yake," alisema mbele ya watu wote. "Kwanza niambiwe nani aliandika ile uongo."

Nikamtazama Owor. Nilingoja aseme kweli, hata nusu yake. Alikuwa ameshika paja la kuku, mafuta yanamtiririka hadi kwenye saa. Akatafuna, akameza, akajipangusa midomo.

"Senge, huyu mtoto yenu ndio naandika. Mimi nachunga fremu tu," alisema. "Alisahau. Lakini mimi nimemsamehe."

Amenisamehe! Kinyaa nilichosikia siwezi kukieleza. Yale manukato yake niliyokuwa nayapenda yakanipanda puani. Mikono ile yenye mafuta ndiyo iliyofuta onyo langu, na leo ilikuja kuniomba!

Akadhani amewashinda watu, akaongeza akicheka: "Na hata kama ningeacha ile onyo yake pale, nani nasoma? Ingetisha wageni yangu ya Kampala bure."

Senge akageuka polepole. "Onyo gani? Si umesema alisahau?"

Kuku akabaki hewani. Wazee wake kutoka Tororo wakaanza kutazama viatu vyao. Senge akaja, akanishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma, akanitoa mbele ya wageni wote. Nilidhani sasa atasema huyu ndiye wetu, ampokee na Owor. Alisema: "Huyu ni wetu. Na yeye nabaki kwetu." Kisha akawaomba wageni wamalize kula waende.

Mnadhani yaliishia hapo? Owor aliurekebisha ukurasa wake kimyakimya, na sijui wale wa Kampala walimwambia nini, wala sitaki kujua. Lakini ule wa uongo ulishanakiliwa. Mimi na Akinyi tunazunguka Busia hii na ile tukiomba flashi za watu, tunafuta na kuweka ulio sahihi. Wengine wanatucheka. Wengine wanasema, aa, ni wewe yule!

Dada zangu, kaka zangu, nawaomba. Mpende mtu, lakini usimwachie aandike kitu chini ya jina lako eti kwa sababu mtaoana. Akikataa onyo lako liwepo, ondoa na jina lako siku hiyohiyo. Mimi sikurudi kuutazama ukurasa wangu, kwa sababu nilimwamini.

Nilikwenda Bulumbi kumwona yule mama. Nilitaka kumweleza yote, amri, toleo, ukurasa. Alinikaribisha kiti, na kabla sijaanza akaniuliza taratibu bila hasira yoyote:

"Ni wewe ulikuwa unipigie simu?"