Mkia wa Paka Si Mkia wa Mbwa

Afande hakuwa mwanajeshi wala polisi. Alikuwa mfunza mbwa wa ulinzi, na jina hilo likamganda hata alipostaafu. Akimwambia mbwa kaa, mbwa anakaa. Akimwambia njoo, anakuja mbio.

Sasa anaishi na mkewe ghorofani, chumba na sebule. Mbwa hawaruhusiwi humo. Mkewe akaleta paka jike mwenye madoa meusi, wakamwita Madoa.

"Madoa, njoo!" Afande aliamuru kila asubuhi, huku amemkodolea macho.

Madoa alimtazama kidogo, akageuka, akaenda zake.

"Ana kiburi huyu!"

"Hana kiburi, mume wangu. Hajakuzoea tu."

Kwa kweli Afande aliumia moyoni. Mtu aliyependwa na mbwa wakali, leo anakataliwa na kiumbe kisichojaza hata kikapu!

Jioni moja Madoa alikuwa kwenye kochi. Afande akaketi kando yake, akaanza kumpapasa mgongo kwa nguvu, kama alivyofanya kwa mbwa wake. Mkia wa paka ukawa unapiga kochi, huku na huku.

"Mama, njoo uone! Anatikisa mkia. Amefurahi!"

Akazidisha. Masikio ya Madoa yakalala nyuma. Akajibingirisha, tumbo likawa juu. Afande akacheka, akalikuna lile tumbo. Lo! Kufumba na kufumbua, mkono wake una mistari ya damu, na paka yuko chini ya kabati.

"Basi!" Afande alifoka. "Kesho anaondoka. Mwenye duka alishaniomba paka wa kumkamatia panya."

Mkewe aliingia chumbani akalia kimya. Tangu watoto wahame, Madoa ndiye aliyekuwa akimpokea mlangoni.

Asubuhi Afande alikwenda dukani. Mwenye duka akafurahi, akasema atapita jioni. Afande aliporudi, alimkuta jirani wa chini akipangusa pikipiki yake. Jirani huyo ni daktari wa mifugo, binti mcheshi.

"Shikamoo mzee. Mkono umefanya nini?"

"Marahaba. Paka mwendawazimu!"

Daktari aliushika mkono, akautazama vizuri. "Umeosha?"

"Kwa sabuni na maji mengi ya bomba."

"Vizuri. Na Madoa nilimchanja mwenyewe. Ila ukivimba, nenda zahanati upesi. Na mnyama usiyemjua akikuuma au kukuparura, osha, kisha nenda siku hiyo hiyo. Haya, ilikuwaje?"

Afande akaeleza yote. Daktari akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mzee, maskini alikuomba sana uache! Mkia wa paka si mkia wa mbwa. Paka akiupigapiga huku na huku, amekereka. Masikio yakilala nyuma, ana hofu au hasira. Ondoa mkono."

"Mbona alinipa tumbo?"

"Pengine alijiandaa kujitetea. Hata paka aliyetulia akikuonyesha tumbo, anakuamini, lakini hajasema uliguse."

"Mwanangu, wanyama nimewafunza kabla hujazaliwa."

"Mbwa, mzee. Paka je?"

Afande akakohoa. "Hata mmoja."

"Basi kaa kimya, asogee mwenyewe. Usimkodolee macho, ataona unataka ugomvi. Mfumbie macho polepole, kisha yafumbue. Naye akikufumbia hivyo, ametulia na wewe. Akija mkia wima, anakusalimu. Akikusugua kwa shavu, anakuhesabu mtu wake. Hapo mkune kidevu, taratibu."

"Nimkonyeze paka! Na mke ninaye?"

Lakini alipanda ngazi akiwaza.

Mchana ule Afande alikaa sakafuni, hakuamuru kitu. Madoa alichungulia kutoka chini ya kabati. Afande akafumba macho polepole, akayafumbua.

"Unamkonyeza nani?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Nyamaza kwanza!"

Muda ukapita. Miguu ikamfa ganzi. Kisha Madoa naye akafumba macho, taratibu, akayafumbua. Akatoka. Mkia wima, ncha yake imepinda kidogo. Akanusa kidole, akasugua shavu lake kwenye goti la Afande. Afande akamkuna kidevu kidogo, akaacha. Madoa akarudisha kidevu, aongezwe.

Jioni mwenye duka alibisha hodi kwa kishindo, akaingia na kikapu.

"Shhh!" Afande alimkemea kwa kunong'ona. Sasa alikuwa kwenye kochi, na Madoa amejikunja mapajani mwake, anakoroma.

"Nimefuata paka, Afande."

"Nisamehe, ndugu yangu. Haondoki. Daktari wa chini atakutafutia mwingine."

Mkewe alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono imelowa. "Umesemaje?"

"Nimesema haondoki. Kosa lilikuwa langu."

Mkewe akajifuta machozi kwa kanga, akacheka. "Haya, njoo mezani ule."

"Siwezi kuinuka, mama. Amelala."

Akaletewa sahani pale pale. Afande akala kwa mkono mmoja, polepole, asije akamwamsha.