Kanda Isiyo na Mwimbaji

Kanda ile haikuwa na mwimbaji, na Fabiola ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsikia.

"Huyo anayeimba nyuma ni nani?" aliuliza huku akichambua maharage.

Xavery, mumewe, alicheka. Alikuwa fundi wa matrekta kwenye shamba la ngano la serikali huko Hanang, na kanda hiyo aliachiwa na fundi Mzungu aliyerudi kwao. Magitaa matupu, upande wa kwanza mpaka wa pili. Wenzake kambini walimtania kwamba anasikiliza harusi isiyo na bibi harusi. Hakujali. Muziki wenye maneno unakuamrisha, alisema, huu unakuachia nafasi.

"Haimbi mtu, mke wangu. Ndiyo raha yake."

Lakini kuna kupenda na kuna kupagawa. Xavery alitaka gitaa lake mwenyewe. Sanduku alilitengeneza kwa mbao za kreti, nyuzi akazitoa kwenye waya za breki. Shingo ndiyo ikamshinda, maana kila mti aliopata ulipinda. Mpaka siku plau lilipopitia tuta moja upande wa Getanuwas. Lilikuwa kaburi la mzee wa Kibarbaig, lile ambalo ukoo hulijenga kwa udongo miezi mingi, kwa nyimbo na pombe ya asali, kisha mti husimikwa juu. Sasa mti ule ulilala mtaroni, mkavu na mnyoofu. Dereva aliogopa hata kuugusa. Xavery, Mmbulu wa kijiji cha Daudi aliyelelewa kanisani, aliona mbao tu.

Gitaa likalia vizuri kuliko alivyostahili. Kila jioni aliweka kanda akaifuatisha, na kila jioni nyumba ilijaa harufu ya asali iliyochacha na samli, ingawa jikoni palikuwa na maharage tu. Ile sauti ya nyuma ikapanda. Sasa hata Xavery aliisikia: mtu akiimba huku amefunga mdomo. Na kadiri ilivyopanda, ya Fabiola ilishuka. Alianza kukwaruza, kisha akawa wa kunong'ona. Jumapili moja baada ya misa, mchana kweupe, Xavery aliweka kanda na kutoka katikati ya magitaa akamsikia mkewe akimwita kwa jina, wazi kabisa, kwa sauti ileile ya siku za uchumba, akageuka akitabasamu, na hapo ndipo alipomwona Fabiola ameketi mlangoni, ameshika koo kwa mikono miwili, midomo inakwenda, machozi yanamtiririka, na hakuna hata neno linalotoka.

Xavery akakimbia hadi kwa Gidahosh, mfugaji mzee ambaye kaburi lile lilikuwa la baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee alinusa hewa. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee. "Unanuka asali ya baba yangu."

"Nilichukua mti, mzee. Nisamehe. Mke wangu hasemi."

"Tulimwimbia miezi yote ile ili alale," Gidahosh alisema kwa sauti ya chini. "Wewe umemwamsha, ukampa nyuzi, hukumpa mdomo. Basi ametafuta mdomo. Rudisha mti uleule. Mimi nitaleta asali."

Xavery alirudi mbio, akalishika gitaa alivunje. Vidole vikagusa nyuzi bila kukusudia, zikalia. Mkono ukalegea. Mti ni mti, aliwaza, na mzee haoni vizuri. Akalisukuma gitaa chini ya kitanda, akachomoa mpini wa jembe, akaukwangua ukafanana na mti ule.

Katikati ya ngano, palipokuwa kaburi, Gidahosh alimwaga asali, akaimba, akausimika mpini ule ardhini. Kisha wakaenda kumwona mgonjwa.

Fabiola alikuwa amesimama mlangoni. Alimwinamia mzee kidogo, kama mwanamke aliyelelewa vizuri, akavuta pumzi, akafungua mdomo kutoa shikamoo.

Ukatoka mlio wa nyuzi.

Gidahosh alidondosha kibuyu, akarudi nyuma akilitaja jina la baba yake. Fabiola alimtazama mumewe kwa hofu kuu, akajaribu tena, safari hii kumwita yeye, na nyuzi zikatoka nyingi zaidi, taratibu, tamu kuliko chochote kilichowahi kurekodiwa na binadamu. Xavery alijua kilicho chini ya kitanda. Alijua ni hatua chache tu.

Akasimama palepale, akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho.