Chupa Yenye Kifuniko cha Buluu

Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka kutoka upande wa msitu ukaufunika mji wa Kakamega, hata mabati ya sokoni yakawa yanatona maji kana kwamba yamenyeshewa. Jua lilipotokea lilichoma kwa hasira. Wauzaji wakatazamana, wakasema jua la namna hiyo lina mvua ya mawe tumboni.

Hawakukosea. Mchana mawe yalianza kupiga mabati, watu wakakimbia huku na huku na vikapu vichwani. Chini ya turubai la Bi Rukia, muuza achari kutoka Mumias, alijitosa kijana mrefu aliyevaa shati la samawati na suruali ya kaki. Viatu vyake vilivyokuwa vimeng'arishwa sasa vilijaa tope.

"Samahani mama, najificha kidogo tu."

"Hapa hajifichi mtu bure," Bi Rukia akamjibu, akijifunga leso vizuri. "Kodi ya turubai hili ni ulimi. Mideva, mwonjeshe."

Mideva alikuwa amevaa gauni la kitenge la manjano na aproni nyeupe iliyopigwa pasi. Alikuwa mwanafunzi wa Bi Rukia kabla ya kuwa mshirika wake. Akapanga vibakuli mbele ya mgeni, kutoka achari ya upole hadi ile kali, na kando akaweka vipande vya muhogo baridi.

"Ukimaliza moja, unatafuna muhogo ndio ulimi upumzike," alimwelekeza. "Halafu unaendelea. Usiruke."

Ya kwanza ilikuwa ya ndimu, iliyokaa juani hadi ganda likalainika kama nyama. Ilianza kwa chumvi, ukaja uchachu, na mwisho uchungu mdogo ukabaki nyuma ya ulimi. Ya embe bichi ilikuwa na mafuta na haradali, nzito, ya kuliwa na wali. Ya karoti na pilipili ilikuwa ya siki tupu; ililia kwenye meno kama mtu anayevunja kuni.

"Haya, ipi imeshinda?" Bi Rukia akauliza.

"Zote tamu."

"Mtu akisema zote tamu, huyo hajaonja. Amesalimia tu."

Mideva akacheka. Kijana akamtazama, na akasahau kwamba mvua ilikuwa imepungua. Ndipo Mideva akatoa kibakuli cha mwisho, achari ya mapera mabichi aliyoibuni yeye mwenyewe. Kijana akatia kipande kinywani. Jicho lake moja likajifumba. Jasho likamtoka puani.

"Vipi?"

"Hii..." Akameza kwa shida. "Hii ndiyo tamu kuliko zote."

"Unalia?"

"Ni mvua hii, imeniingia machoni."

Aliitwa Cleophas Osundwa, karani katika ofisi ya ardhi, na aliishi Lurambi na dada yake mkubwa, Pascalia. Tangu siku hiyo hakukosa sababu ya kupita sokoni. Jioni simu zilikuwa ndefu.

"Malkia wa siki, umekula?"

"Nimekula ugali wetu wa obusuma na mboga. Wewe?"

"Mimi nangoja anayejua kupika anihurumie."

"Ngojea tu. Njaa haijawahi kuua karani."

Mideva alikuwa ameomba kwa muda mrefu apate mtu mpole. Sasa kila usiku alipiga magoti kando ya kitanda akashukuru. Kisha akaamua kumpa zawadi. Achari zake alizipika nyumbani kwao Malinya, katika jiko la mama yake, na chupa tupu alizihifadhi juu ya kichanja cha vyombo. Kati ya hizo ilikuwapo moja nzuri kuliko zote, nene, yenye mdomo mpana na kifuniko cha buluu. Aliiosha, akaichemsha, akaijaza achari ya mapera, akampelekea Cleophas hadi mlangoni pa ofisi.

"Usimpe mtu," alimwambia.

"Hata malaika akiniomba, nitamwambia aende sokoni."

Jumapili iliyofuata Mideva alikuwa Malinya akimenya maembe uani, aliposikia sauti ya kaka yake, Shitanda, nyuma ya kichanja. Shitanda alikuwa akichimba dhahabu na vijana wenzake kwenye mashimo ya karibu na kwao.

"Dada, kwani ile chupa ya kifuniko cha buluu iko wapi?"

"Nimeitumia. Ya nini?"

Shitanda akajifuta mikono kwenye suruali yenye udongo mwekundu.

"Ile si ya achari. Ile ndio tunabebeanga zebaki."

Kisu kikamwanguka Mideva. Alikijua kitu hicho, majimaji mazito yanayong'aa kama fedha, ambayo wachimbaji huyatumia kukusanya chembe za dhahabu kutoka kwenye mchanga. Afisa wa afya alikuwa amesimama sokoni mwaka uliopita akiwaonya kwamba zebaki ni sumu: hula mishipa ya fahamu na figo polepole, mikono ikaanza kutetemeka, na kuchemsha chombo si kukisafisha.

"Ilifikaje kwa kichanja changu?"

"Mama alikuwa anakuja, na hatakangi kuona hiyo dawa hapa nyumbani. Nikaimwaga, nikaosha chupa na Omo, nikaiweka na zingine. Niliosha sana, dada! Ni hiyo moja tu, naapa."

Mideva hakungoja kusikia zaidi. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akapiga simu. Kidole chake kilikosa jina la Cleophas mara kadhaa kabla ya kulipata.

"Malkia!"

"Cleo, ile achari niliyokupa. Umeila?"

"Ya mapera? Wacha tu. Nimeimaliza."

"Yote?"

"Yote. Nikalamba na kifuniko."

Mideva aliketi sakafuni.

"Tumbo halikuumi?"

"Liko sawa."

"Na mikono? Mikono yako haitetemeki?"

"Inatetemeka nikisikia sauti yako."

"Cleo, tafadhali, usinichekeshe! Nenda hospitali. Nenda leo."

Kicheko kikakatika. "Hospitali ya nini? Mideva, umenilisha nini?"

Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwa tayari kinywani. Lakini alimwona Shitanda akiingizwa kwenye gari la polisi, akaiona meza ya Bi Rukia ikipinduliwa na watu wenye hasira, akamwona Cleophas akimgeuzia mgongo. Ulimi ukagoma. Kwenye simu ilisikika sauti ya mwanamke kwa nyuma: "Si nilikuambia? Si nilikuambia mimi?" Kisha simu ikakatika.

Siku zilizofuata Mideva hakulala vizuri wala hakula. Alizitoa chupa zote kwenye kichanja na mezani, zilizojaa na zilizo tupu, akamwaga achari shimoni na kuzivunja chupa kwa jembe. Bi Rukia alimwuliza kulikoni, akajibu zilikuwa zimechacha vibaya. Alimpigia Cleophas, hakushika. Akatuma ujumbe: *Nenda wakupime, nakuomba kwa jina la Yesu.* Hakujibiwa. Kila alipopiga magoti aliomba ombi lile lile, Bwana asimlipize Cleophas kosa lisilo lake. Na kila aliposema amina alisikia moyoni kwamba hilo halikuwa ombi aliloitwa kuomba. Aliitwa kufungua kinywa.

Sokoni maneno yalikuwa yamemtangulia. Mwanamke mmoja alisimama mbele ya meza, akachungulia vibakuli, akavuta pua.

"Mimi sionji. Nasikia hii achari iko na kamuti. Mwanamume akila anafungwa kama ng'ombe."

"Ungekuwa na wa kumfunga ungejua bei ya kamba," Bi Rukia akamrushia. Mwanamke alipoondoka, alimgeukia Mideva. "Mwanangu, nani anasema unaweka dawa ya mapenzi katika chakula changu?"

"Sijui, mama."

"Unajua. Uso wako una siku nyingi haujakaa mahali pake."

Asubuhi ya Jumatano Mideva alijikaza akaenda hadi ofisi ya ardhi. Mlinzi wa lango alimtambua.

"Unamtaka Osundwa? Hajakuja. Ni mgonjwa. Jana walimtoa hapa anatetemeka kama jani, hata kalamu ilimshinda kushika."

Mideva hakukumbuka alivyorudi sokoni. Alikumbuka tu kwamba alijiona ameshika ukingo wa meza, akimwambia Bi Rukia kila kitu, zebaki, kifuniko, kaka yake, na uoga wake, maneno yakimtoka kama maji ya bomba lililopasuka.

"Nimemuua, mama. Nimemuua kwa mkono wangu."

Bi Rukia akaanza kufunika vibakuli.

"Kama amekufa tutamzika. Kama yuko hai, daktari anahitaji kujua alichokula. Vaa viatu vyako vizuri."

Walipanda bodaboda moja, Bi Rukia akishika buibui kwa mkono mmoja na kwa mwingine akimshika Mideva, aliyekuwa akisali kwa sauti bila kujua. Walipofika Lurambi, Mideva aliona viatu vingi mlangoni pa nyumba ya Cleophas. Wimbo wa kanisani ulisikika kutoka ndani. Viatu vingi hivyo, na wimbo, aliujua mkusanyiko wa namna hiyo.

"Ni matanga," alinong'ona.

"Ingia," Bi Rukia akasema, akimsukuma taratibu mgongoni.

Hayakuwa matanga. Jumuiya ndogo ya kanisa ilikuwa imekutana kumwombea mgonjwa. Cleophas alikuwa amelala kwenye kochi, amefunikwa blanketi hadi kidevuni, macho mekundu. Yuko hai. Mideva alitaka kulia, lakini Pascalia, mwanamke mnene mwenye rozari mkononi, alikuwa ameshasimama njiani.

"Umekuja kuangalia kazi yako?"

Wimbo ukakatika. Nyuso zote zikageuka. Mideva alihisi ulimi ukianza tena kugoma, kama siku ile ya simu. *Bwana, nifungue kinywa.* Akapiga magoti pale pale kwenye simiti.

"Tumsifu Yesu Kristu."

Wachache wakaitikia, kwa mazoea tu: "Milele amina."

"Sikuweka kamuti. Niliweka kibaya kuliko kamuti, bila kujua." Akawaambia yote. Hakumficha kaka yake, wala hakujificha nyuma yake. "Nilipojua, ningesema siku hiyo hiyo. Niliogopa. Niliogopa kumpoteza, nikamwacha na sumu mwilini. Mpelekeni hospitali muwaambie ni zebaki. Mkitaka kuniita polisi baadaye, nitakuwa hapa hapa."

Cleophas alijiinua kwa kiwiko.

"Mideva, nina malaria. Nimepimwa jana."

"Lakini achari..."

"Sikuila."

Mideva akamtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Uliniambia umelamba kifuniko!"

Cleophas akafumba macho. Pascalia ndiye aliyejibu, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi niliitupa. Jioni ile ile aliyokuja nayo. Nikasema mwanamke aliyemjua juzi anamletea chakula kwenye chupa nzuri hivyo, kuna jambo. Niliitupa chooni, chupa na vyote."

"Hukuionja?"

"Nionje kamuti? Mimi?"

Kikongwe mmoja alianza kucheka, akajizuia kwa kiganja. Cleophas akasema, "Niliona aibu kukuambia dada yangu amemwaga zawadi yako. Nikadhani uongo mtamu hauna madhara. Halafu ukaanza kuniuliza mikono, tumbo, hospitali. Nilijua sikula, kwa hiyo sikuogopa kufa. Niliogopa kwamba dada alisema kweli, kwamba uliweka kitu kweli."

"Siku zote hizo nilikuwa nakuzika," Mideva akasema, na sasa machozi yakaja. "Kila nikifumba macho, nakuzika."

Hapo Pascalia alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alijishusha polepole, goti kwa goti, akapiga magoti mbele ya Mideva, rozari ikagonga sakafu.

"Nilikutangaza mji mzima. Nisamehe, mdogo wangu."

"Shaka yako imemwokoa ndugu yako," Bi Rukia akasema kutoka mlangoni. "Lakini usiitegemee kila mara. Salaam aleikum, nilisahau kusalimu." Watu wakacheka, wengine wakijifuta macho. Akamgeukia mgonjwa. "Na wewe! Toka siku ya mvua ya mawe nilikuambia. Unasalimia tu chakula. Sema mbele ya hawa: achari ya mapera uliyoionja sokoni ilikuwa tamu?"

Cleophas alimtazama Mideva.

"Ilikuwa kali kama moto wa jehanamu. Na chumvi imezidi. Sikuona vizuri hadi nikafika nyumbani."

Nyumba ikalipuka kwa vicheko. Mideva alicheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unanitazama."

Mwenyekiti wa jumuiya, mama aliyevaa kitambaa cheupe kichwani, akainua mkono. "Kijana, uongo umemtesa huyu msichana mbele yetu. Basi ukweli nao uusemee mbele yetu. Simama ukiweza. Na useme kwa sauti, wa nyuma hawasikii."

"Mimi kwanza," Mideva akasema. Alisimama, akajifuta uso. "Mimi Mideva naahidi, nikiogopa, sitanyamaza tena. Nitakuambia ningali naogopa."

Pascalia akamshika ndugu yake kwapani. Cleophas alisimama na blanketi mabegani, jasho la homa likimtiririka, miguu ikiyumba.

"Mimi Cleophas Osundwa, mbele ya Mungu, mbele ya jumuiya hii, mbele ya Bi Rukia na dada yangu, naahidi kwamba Mideva sitamdanganya tena, hata kwa kumfurahisha. Na nikipona nitakwenda Malinya na watu wangu kumwomba kwa baba yake. Nikifika, kabla sijaketi, nitaomba achari ya mapera. Na kama bado chumvi imezidi, wakwe zangu wote wakisikia, nitasema."